Upendo na Mahari katika Wimbo Ulio Bora

Walimu wenzetu wa lugha watakubaliana nasi kwamba swali gumu kuliko yote halitoki katika karatasi ya mtihani. Hutoka kinywani mwa mwanafunzi aliyesoma kwa makini kuliko mwalimu wake. Swali la namna hiyo lilitufikia sisi nyumbani kwetu, baada ya chakula cha jioni, nalo likatulazimisha kukisoma upya kitabu tulichodhani tunakijua. Twaomba ruhusa ya wasomaji wa jarida hili tulisimulie, kwa sababu jambo lenyewe lahusu ushairi, lahusu maana ya maneno, na lahusu pia ndoa, ambayo ni shule asiyohitimu mtu.

Sisi tunakaa mashariki ya Uganda, chini ya mlima Elgon, mahali ambapo mahari bado huhesabiwa kwa ng'ombe. Nyumbani kwetu amekulia binti wa marehemu kaka yetu. Tulimpokea akiwa darasa la tatu, naye hutuita Baba mdogo kama desturi inavyotaka. Sasa yeye mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi. Alipopata mchumba, kijana fundi mwashi, jamaa za kijana walituma mshenga, siku ya kikao ikapangwa, na sisi tuliosimama mahali pa baba yake ndio tuliotazamiwa kutaja idadi ya ng'ombe. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kutuonya. Binti amesoma, walisema, ana cheti na mshahara; asitoke kwa ng'ombe pungufu ya kumi na wawili.

Wiki tatu kabla ya kikao binti alikuja na Biblia mkononi. "Baba mdogo," alisema, "ulitufundisha vijana wa kanisani kwamba bwana arusi katika Wimbo Ulio Bora ni Kristo, na bibi arusi ni Kanisa. Nimekubali. Lakini hapa katika sura ya mwisho wamo kaka zake bibi arusi. Wanashauriana wamfanyie nini dada yao siku atakapoposwa. Je, hao kaka ni akina nani katika Kanisa?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia saa zimekwenda, akalale.

Yafaa tuseme kweli kuhusu mafundisho yetu. Kwa miaka mingi tulikifundisha kitabu hiki kwa haraka na kwa haya. Wimbo Ulio Bora ni kitabu kifupi, sura nane tu, aya 117, lakini ndani yake mwili wa binadamu unasifiwa tangu nywele hata nyayo, na vijana wanapousoma hutazamana na kucheka. Sisi tulipata njia rahisi ya kuwanyamazisha. Kila kilichotajwa tulikigeuza kuwa kitu cha rohoni kabla hakijasikika vizuri: busu likawa sala, bustani ikawa Kanisa, na usiku ukawa majaribu. Hivyo somo likamalizika salama, wala hakuna aliyejifunza neno juu ya upendo.

Tusieleweke kwamba tunaidharau maana ya kiroho. Maana hiyo ni ya kale, nayo imeshikwa na watu wakubwa kuliko sisi. Rabi Akiva, aliyeuawa na Warumi karibu na mwaka 135, alikitetea kitabu hiki mbele ya walimu wenzake na kukiweka juu kabisa katika utakatifu. Hata leo katika desturi za Wayahudi husomwa majira ya Pasaka, kwa kuwa wao huona ndani yake upendo wa Mungu na Israeli. Origenes wa Aleksandria, katika karne ya tatu, aliandika ufafanuzi wake akiona Kristo na Kanisa, na tena Kristo na roho ya kila mwamini. Bernard wa Clairvaux alianza mwaka 1135 kuwahubiria watawa wake juu ya kitabu hiki. Akafa mwaka 1153 akiwa ameacha hotuba 86, naye alikuwa amefika mwanzo wa sura ya tatu tu. Watu hawa hawakukimbilia maana ya kiroho kwa sababu ya haya. Walikaa na neno moja moja mpaka likawapa lililokuwa ndani yake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kosa letu sisi lilikuwa kutaka kuingia ndani bila kuufungua mlango.

Basi tuliamua kuanza mlangoni, yaani kwenye lugha. Mchungaji mmoja mstaafu, aliyewahi kufundisha Kiebrania katika chuo cha theolojia, alikubali kutusaidia jioni kadhaa. Jambo la kwanza alilotuonyesha lilitushangaza. Katika Kiebrania neno "wewe" la kumwambia mwanamume si lile la kumwambia mwanamke, na viambishi navyo hutofautiana. Kwa hiyo msomaji wa Kiebrania aghalabu hujua mara moja ni nani anayesema, bibi arusi au bwana arusi. Kiswahili chetu hakina tofauti hiyo. "Wewe" ni wewe, na "wangu" ni wangu. Watafsiri wa Biblia ya mwaka 1952 walijaribu kuliziba pengo hilo kwa werevu. Bibi arusi aghalabu humwita bwana arusi "mpendwa", naye bwana arusi humwita bibi arusi "mpenzi". Sisi tulikuwa tumesoma maneno hayo mawili miaka yote kana kwamba ni neno moja.

Tulipokwisha kuzitenga sauti hizo mbili, tuliona kwamba anayeanza kusema katika kitabu ni mwanamke, na anayemaliza ni mwanamke. Yeye ndiye anayetoka usiku kumtafuta mpendwa wake mjini, na walinzi wanampiga. Katika sarufi yetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa; lakini katika ushairi huu hakuna mtendaji na mtendwa. Mara mbili bibi arusi atangaza kwamba yeye na mpendwa wake ni mali ya kila mmoja kwa mwenziwe, na mara ya pili aligeuza mpangilio wa maneno, asiwepo wa mbele na wa nyuma. Katika sura ya saba asema tena kwamba shauku ya mwanamume iko kwake. Mzee wetu alituambia kwamba neno hilo la shauku latokea mara tatu tu katika Biblia yote ya Kiebrania. Mojawapo ni katika Mwanzo, pale Hawa anapoambiwa kwamba shauku yake itakuwa kwa mumewe, naye mume atamtawala. Katika Wimbo shauku imegeuza njia, na habari ya kutawala haikutajwa.

Ndipo tulipofika sura ya nane, mahali pa swali la binti yetu. Tuliisoma polepole, tukaona mpango ambao hatukuwa tumeuona. Kwanza mshairi anausifu upendo, kwamba una nguvu zilizo sawa na za mauti, na kwamba maji mengi hayauzimi. Mara tu baada ya sifa hiyo ataja fedha: tajiri akijaribu kuununua upendo kwa mali yake yote, watu watamdharau. Kisha wanakuja kaka na shauri lao. Dada yao wamwona bado mdogo, nao wapanga jinsi ya kumjengea na kumzungushia mbao siku atakapoposwa. Lakini dada hawangoji wamalize. Ajibu mwenyewe kwamba amekwisha kukomaa, na kwamba machoni pa mpendwa wake ameonekana kuwa mwenye amani. Mwisho atajwa Mfalme Sulemani na shamba lake la mizabibu, ambalo kila mpangaji hulipia fedha elfu moja. Msemaji amwachia Sulemani elfu yake, na kusema kwamba shamba lake yeye li mbele yake mwenyewe.

Mali, kikao cha kaka, jibu la dada, kisha mali tena. Walimu wenzetu, hiki ni kikao cha mahari! Binti alikuwa ameuona mwaka mmoja kabla ya kuolewa. Sisi hatukuwa tumeuona kwa miaka zaidi ya ishirini ya ndoa.

Tulimwuliza mzee wetu kama Waebrania walikuwa na neno la mahari. Alicheka. "Ni lile lile lenu," alisema. Kiebrania husema *mohar*, Kiarabu husema *mahr*, na Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu, kikasema mahari. Neno hili la Kiebrania limo mara tatu tu katika Agano la Kale, na katika mahali pote patatu pana kosa au hila. Katika Mwanzo, Shekemu yu tayari kulipa mahari yoyote atakayotajiwa kwa ajili ya Dina, baada ya kumharibu. Nayo yakaishia katika mauaji. Katika Kutoka ni sheria ya kumtoza mtu aliyemshawishi msichana. Katika Samweli wa Kwanza, Mfalme Sauli amwambia Daudi kwamba hataki mahari ya mali ila govi mia za Wafilisti, akitumaini kwamba Wafilisti watamwua huko. Na ingawa neno lenyewe halimo katika habari za Yakobo, aliyemtumikia Labani miaka kumi na minne kwa ajili ya binti zake, tunawasikia mabinti hao wakilalamika kwamba baba yao amewauza na kuzila fedha zao.

Je, Biblia yaikataza mahari? Hatukuona hivyo, wala hatusemi hivyo. Lakini yuko mshairi mwingine aliyeifanyia mahari jambo kubwa zaidi ya kuikataza, naye ni nabii Hosea, aliyeishi katika ufalme wa kaskazini wa Israeli katika karne ya nane kabla ya Kristo. Mkewe, Gomeri, hakuwa mwaminifu kwake. Katika sura ya tatu nabii aamriwa kumpenda mwanamke aliye mzinzi, naye amjipatia kwa vipande 15 vya fedha na shayiri homeri moja na nusu. Hesabu hiyo imeandikwa wazi, kama katika daftari la duka. Lakini katika shairi la sura ya pili, Mungu mwenyewe anaposema kwamba atawaposa watu wake, hakutajwa fedha wala shayiri. Ataja vitu vitano: haki, hukumu njema, fadhili, huruma na uaminifu. 

Hapo mzee wetu alitusimamisha, akatuonyesha kijineno kidogo kilichotangulia kila kimoja cha vitu hivyo. Ndicho kijineno ambacho Daudi alikitumia aliposema alimposa Mikali kwa govi mia; ni alama ya malipo. Kiswahili chetu kina kijineno kama hicho, nacho ni "kwa". Twasema mtu amenunua shamba kwa shilingi milioni tano, na twasema pia mtu ameishi kwa uaminifu. "Kwa" ya kwanza ni ya bei, na ya pili ni ya mwenendo. Katika shairi la Hosea hizo mbili zimekuwa moja: mwenendo wa bwana arusi ndio malipo yake. Mungu hamlipi baba yeyote ili ammiliki bibi arusi. Huleta tabia yake mwenyewe, na kuahidi kuileta milele.

Kwa hakika hapa ndipo tulipoielewa maana ya kiroho ya ushairi huu, baada ya miaka mingi ya kuifundisha. Nabii Isaya, anapomwimbia Mungu wimbo wa shamba la mizabibu, humwita kwa neno lile lile la Kiebrania ambalo bibi arusi humwitia mpendwa wake. Na kupenda kunakoamriwa kwa ajili ya Mungu, kwa ajili ya jirani, na kule kunakosifiwa katika Wimbo, vyote vina shina moja la neno katika Kiebrania. Sisi hupenda kugawa: upendo tumeupeleka kanisani, mapenzi tumeyaacha chumbani. Hata hivyo lugha yetu yenyewe yatukanya. Katika Sala ya Bwana, kama ilivyo katika tafsiri ile ya mwaka 1952, jambo tunaloomba litimizwe duniani kama mbinguni ni mapenzi ya Mungu. Kila siku tunalitamka neno hilo tumepiga magoti, kisha tunaona haya kulikuta katika ushairi.

Ikiwa ndoa ni mfano wa agano la Mungu na watu, basi jinsi tunavyooana ni mahubiri. Mtoto anayesikia nyumbani kwao kwamba mama alinunuliwa, kisha akafundishwa kwamba Mungu ni kama bwana arusi, ataelewa nini? Ataelewa kwamba Mungu amemnunua ili amtumikishe, na kwamba siku akikosa atakumbushwa bei.

Hatulisemi jambo hili tukiwa tumesimama mbali. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai kurudishiwa mahari ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha katiba. Kutoa mahari hakukukatazwa. Hukumu hiyo iliondoa deni hilo katika sheria, lakini haikuweza kuliondoa katika vinywa vya watu, na kinywa kimojawapo kilikuwa chetu. Sisi tulioa kwa ng'ombe tisa, watano kati yao wa kukopa, na deni hilo tulilimaliza kwa miaka sita ya mshahara wa mwalimu. Tangu hapo, kila tulipokosana na mwenzetu wa nyumbani, kulikuwa na sentensi moja tuliyoitumia kumaliza maneno. Tulimkumbusha ng'ombe. Hatukumpiga wala kumfukuza, nasi tulijihesabu kuwa mume mwema. Lakini yeye alinyamaza kila mara, nasi tukadhani kunyamaza huko ni kukubali. Jumapili tulikwenda kufundisha vijana juu ya Bwana arusi wa mbinguni.

Usiku wa kuamkia kikao tulimweleza mwenzetu yote tuliyosoma, kisha tukamwomba radhi kwa ajili ya sentensi ile. Alikuwa akikunja nguo. Alikaa kimya kitambo, halafu akasema, "Mwalimu, ng'ombe wale walikwisha kufa zamani. Wewe tu ndiye uliyekuwa ukiendelea kuwachunga." Akaendelea kukunja nguo. Hatukujua kama tumesamehewa, na hatukuthubutu kuuliza. Kesho yake asubuhi alitupigia pasi shati la kuvaa kikaoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

Kikaoni zamu yetu ilipofika ya kutaja idadi, tuliomba jambo moja: binti aitwe naye asikilizwe. Mzee mmoja alisema kwa mzaha, "Tangu lini ng'ombe akaulizwa mnadani?" Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, maana kila mtu alikuwa amesikia mzee amemwita binti nini. Shangazi yake alisimama bila kungoja amri, akaenda kumleta.

Binti alipiga magoti mbele ya wazee kama desturi ilivyo, lakini aliyoyasema hayakuwa ya kupiga magoti. "Wazee wangu," alisema, "siwazuii kupokea zawadi. Naomba tu nisiingie katika nyumba ya mume wangu pamoja na deni." Aliposema hayo tuliona kwamba swali lake la wiki tatu nyuma limejibiwa, na kwamba amelijibu yeye. Hao kaka ni sisi. Ni kila baraza linaloshauriana juu ya mtu kana kwamba hayupo, liwe la ukoo au la kanisa.

Walikubaliana ng'ombe wanne, wale aliokuwa nao kijana zizini kwao, bila wa kukopa. Hatuwezi kusema kwamba wote waliridhika. Wazee wawili waliondoka kabla ya chakula, na mmoja wao mpaka leo hupita mlangoni petu bila salamu. Pengine ana haki kutuona tumepunguza heshima ya binti wa ukoo, maana kwake yeye idadi ndiyo heshima, na hakuna aliyemfundisha hesabu nyingine. Kazi hiyo ya kufundisha ilikuwa yetu, nasi hatukuifanya mapema.

Walimu wenzetu, tunapofundisha ushairi wa mapenzi, wa Biblia au wa kwingineko, tusiwe wepesi kuwaepusha wanafunzi na maana iliyo wazi kwa kisingizio cha maana iliyofichika. Tuwaache kwanza wausikie mlango ukifunguka. Tuwaonyeshe nani anasema, kwa neno gani, na neno hilo limetumika wapi tena. Wacheke wakitaka kucheka. Kicheko cha vijana hakijapata kukiondolea kitabu hiki utakatifu wake. Maana ya kiroho haitapotea. Itawangoja ndani ya nyumba, na watakapoifikia watakuwa wamepita mahali ambapo mume na mke hukaa.

Binti yetu ameolewa. Ile Biblia ameiacha kwetu, na katika sura ya nane ameweka kipande cha karatasi. Hatujakiondoa.